Mwaka wa kwanza wa Biolojia: kukariri kulinifikisha chuoni, sasa kumenikwamisha

BintiKitunguu ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za masomo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika shahada ya sayansi ya Biolojia, kwenye chuo kimoja hapa Tanzania ambacho naomba nisikitaje. Kidato cha sita nilisoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na kama wengi wa mchepuo huo macho yangu yote yalikuwa kwenye udaktari wa binadamu. Ushindani ulinishinda, nikadahiliwa katika chaguo langu la tatu, nikaja nikiamini kwamba Biolojia haiwezi kunisumbua kwa kuwa ndilo somo nililolipatia A.

Matokeo ya semista ya kwanza yametoka. Nina GPA ya 2.4 na sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya Biolojia ya Seli. Kinachoniumiza ni kwamba nilisoma kweli. Madesa yote, yaani notisi za masomo, niliyameza, mengine nikiyasoma kwa sauti usiku mpaka mwenzangu wa chumbani akahamia kwa rafiki yake wiki nzima ya mitihani. Nilipofungua karatasi ya mtihani sikukuta swali hata moja la "taja" wala "orodhesha". Tulipewa jedwali la matokeo ya jaribio ambalo sijawahi kuliona, tukaulizwa linathibitisha nini na halithibitishi nini.

Niongeze mkasa mmoja wa maabara, ndio ulionipa jina ninalotumia hapa. Tulipewa ncha za mizizi ya kitunguu zilizokwisha kulainishwa katika asidi yenye joto, tukazitia rangi, tukazifunika kwa kioo chembamba na kuzibonyeza kwa dole gumba, kisha tukaambiwa tuchore seli zilizo katika hatua mbalimbali za kugawanyika. Kwenye hadubini sikuona cha maana: madoa mekundu, viputo vya hewa na kope zangu mwenyewe. Kwa kuwa hatua zote nazijua tangu kidato cha tano, nilichora michoro safi kwa penseli iliyochongwa, nikaandika majina yote. Daftari lilirudi na alama 2 kati ya 10, na pembeni ya mchoro wa metafezi, hatua ambayo kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) hujipanga katikati ya seli, mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Kromosomu 4 umeziona wapi?" Mpaka leo sijaelewa, kwa sababu kitabu nilichosomea kinaonyesha kromosomu 4.

Naomba mnieleze Biolojia ya chuo inasomwaje. Na je, kwa hali ya ajira ilivyo, niendelee au nihamie ualimu mapema kabla sijachelewa?

Mtegambu amejibu:

Marahaba mdogo wangu, na pole. Nianze na kitunguu, kwa kuwa nikikujibu hilo nitakuwa nimekujibu nusu ya mengine.

Seli ya mzizi wa kitunguu ina kromosomu 16. Kitabu chako kilichora 4 ili mchoro usisongamane na mwanafunzi afuate hatua bila kupotea, na kwa kazi hiyo kitabu hakikukosea. Kosa ni lako: uliulizwa umeona nini, ukajibu unajua nini, ukaweka chini yake jina la kitunguu kana kwamba ni ushahidi. Mwalimu yeyote aliyewahi kukaa kwenye hadubini angelitambua hilo kwa jicho moja, na kwa maoni yangu alama 2 alizokupa zilikuwa za huruma. Ungechora madoa mekundu uliyoyaona, ukaandika kwamba seli zimelaliana na hatua hazitambulikani, ungepata zaidi.

Nilimaliza shahada ya namna hiyo, na sasa nafanya kazi kwenye mradi wa utafiti wa mbu katika Bonde la Kilombero. Asubuhi mitego ya taa inaletwa kutoka vijijini, mbu wanauawa kwa baridi, nawamwaga kwenye kisahani na kuwatenga mmoja mmoja kwa kibano. Ukimpata jike, unatazama vile vipapasio viwili vilivyo kando ya mrija wa kunyonyea: vikikaribia urefu wa mrija, huyo ni Anofelesi, jamii ya mbu wanaoeneza malaria; vikiwa vifupi kama vishina, huyo ni Kuleksi au jamaa yake. Hadi hapo jicho linatosha. Lakini ndani ya kundi la Anopheles gambiae kuna spishi ambazo hata uwe na hadubini ya namna gani huwezi kuzitenganisha kwa umbo, na zina tabia tofauti: Anopheles arabiensis, kwa mfano, humng'ata ng'ombe kwa urahisi na mara nyingi huuma nje ya nyumba, hivyo chandarua pekee hakimpati ipasavyo. Kwa hao tunaandika "kundi la gambiae" tu, tunakata mguu au bawa na kupeleka kwenye kipimo cha PCR, kinachotambua spishi kwa DNA yake. Kijana anayeandika jina kamili la spishi kwa sababu "bonde hili kwa kawaida ni arabiensis" hakai na sisi muda mrefu. Ni kosa lile lile la kromosomu 4, ila hapa anayelipia ni mgonjwa wa malaria.

Kuhusu zoezi lenyewe, usiachie mkono wa bahati. Anza na lenzi ya ukuzaji mdogo. Tafuta eneo lililo nyuma kidogo tu ya ncha, ambako seli ni ndogo, zina umbo la mraba na viini vyake vimejaa karibu seli nzima. Ukiona seli ndefu zilizonyooka kama matofali ya kulaza umeshapita. Unapobonyeza, weka karatasi ya kufyonza maji juu ya kioo na ubonyeze wima, maana kidole kikiteleza kando seli zinajiviringa na kazi imekwisha. Halafu ujue kwamba seli nyingi utakazoziona hazitakuwa zinagawanyika. Mchoro wenye seli 5, na zote 5 zikiwa katika hatua tofauti za kuvutia, unamwambia mwalimu kwamba umechorwa bwenini.

Mkweli_Mchungu amejibu:

Wenzangu watakupa moyo. Mimi nitakupa upande wa pili. Nilimaliza shahada ya Biolojia kwa GPA ya 3.6 na nilikaa mtaani miaka 3. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba shahada hii haikufanyi mtaalamu wa maabara ya hospitali. Wale wana mafunzo yao na baraza lao la usajili, na ukienda hospitalini na cheti chako utaambiwa kwa upole kwamba wewe ni mwanabiolojia. Haikufanyi mwalimu pia mpaka usome stashahada ya uzamili ya ualimu, ambayo ndiyo niliyoisoma baadaye, na sasa nafundisha sekondari. Wakati huo mkopo unakusubiri: ukiajiriwa tu, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi.

Sisemi uache. Nasema kama moyo wako uko kwenye kufundisha, shahada ya sayansi pamoja na ualimu ingekufikisha kwa njia fupi kuliko niliyopita mimi, na mwaka wa kwanza ndio wakati wa kuuliza. Ila usihame kabla hujajua kwa maandishi hatima ya mkopo wako, maana kuna waliohama kozi kwa furaha wakajikuta wanasubiri bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, ambalo haliji.

Mtegambu amejibu:

Kaka Mkweli, uliyosema ni kweli na sina cha kupunguza. Naongeza kwamba mimi nilianza kama kibarua wa kukusanya mitego wakati wa likizo ya mwaka wa pili, nikilipwa kwa siku, kwa barua niliyoandika mwenyewe na kuipeleka kwa mkono. Nilipomaliza chuo walikuwa wananijua. Wenzangu waliongoja mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa tatu walikuta nafasi zimejaa. Na kilichonibakiza hakikuwa majina ya mbu. Ni kwamba nilikuwa nimejifunza programu ya takwimu ya R, ambayo haiuzwi, na nilikuwa tayari kulala kijijini.

Mwalimu_wa_Zamu amejibu:

Nimefundisha semina na maabara za mwaka wa kwanza kwa muda mrefu, kwa hiyo swali la binti huyu nalijua kwa sura zake zote. Niseme neno juu ya mtihani uliomshangaza.

Kidato cha sita unaambiwa: DNA, ile kemikali ya nyuzi mbili inayobeba urithi, inapojinakili, kila nakala mpya inabeba uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Unaikariri, unaiandika, unapata alama. Chuoni sentensi hiyo haina thamani kubwa, kwa sababu kila mtu darasani anayo. Tunachotaka ni uniambie watu walijuaje. Mwaka 1958 Matthew Meselson na Franklin Stahl walichapisha jaribio ambalo naliona zuri kuliko mengi niliyoyafundisha. Walikuza bakteria katika chakula chenye nitrojeni nzito kwa vizazi vingi mpaka DNA yao yote ikawa nzito, kisha wakawahamishia kwenye nitrojeni ya kawaida. Kila baada ya muda walichukua sampuli, wakatoa DNA na kuizungusha kwa kasi kubwa katika mmumunyo wa chumvi nzito, ambamo DNA hutulia mahali panapolingana na uzito wake na kuonekana kama mstari.

Sasa funika daftari ufikiri. Kama DNA ya zamani inabaki nzima na nakala mpya inajengwa pembeni, baada ya kizazi cha kwanza unategemea mistari mingapi? Miwili: mmoja mzito, mmoja mwepesi. Wao waliona mmoja tu, wa katikati. Dhana hiyo ikafa hapo hapo. Lakini mstari mmoja wa katikati haukutosha, kwa sababu kulikuwa na dhana nyingine, kwamba vipande vya zamani na vipya vinachanganywa katika kila uzi. Nayo pia inatabiri mstari mmoja wa katikati. Wakasubiri kizazi cha pili. Dhana ya mchanganyiko ingetoa mstari mmoja tena, uliosogea kidogo upande wa wepesi. Waliona miwili, mmoja wa katikati na mmoja mwepesi kabisa. Ikabaki dhana moja tu iliyosimama.

Angalia swali lako la mtihani: "linathibitisha nini na halithibitishi nini". Matokeo ya kizazi cha kwanza peke yake hayakuthibitisha kile tunachokiandika leo vitabuni. Mwanafunzi aliyekariri jibu hawezi kuliona hilo, kwa kuwa anajua mwisho wa hadithi. Kwa hiyo ukisoma desa, kila unapokutana na sentensi inayosema jambo "ni" hivi, andika pembeni kwa penseli: wangeona nini kama isingekuwa hivi? Utasoma kurasa chache kwa usiku. Zitakaa.

La pili ni takwimu, ambazo wanafunzi wetu wanaziogopa kana kwamba waliahidiwa shahada isiyo na namba. Mwaka 1866 Gregor Mendel, aliyechunguza urithi kwa kuzalisha njegere, alichapisha hesabu zake: za mviringo za njano 315, za mviringo za kijani 108, zenye makunyanzi za njano 101, zenye makunyanzi za kijani 32. Jumla 556. Kila mtu anajua kuimba 9:3:3:1, uwiano unaotarajiwa kwa makundi hayo manne. Lakini 556 ikigawanywa kwa uwiano huo unapata 312.75, 104.25, 104.25 na 34.75, na hakuna njegere ya robo tatu. Je, tofauti hizo ni bahati tu au uwiano si kweli? Chukua kila tofauti, izidishe kwa yenyewe, igawe kwa namba uliyoitarajia, jumlisha zote nne. Nimefanya sasa hivi kwa kalamu: inakuja karibu 0.47, wakati ingepaswa kuvuka 7.815, namba inayotoka kwenye jedwali la takwimu, ndipo tuanze kuutilia shaka uwiano kwa kiwango cha asilimia 5. Hicho ndicho kipimo cha kai-skwea, nacho kinaenea kwenye nusu ukurasa. Ukikifanya kwa mkono mara tatu, hutakiogopa hata kompyuta itakapokufanyia.

Na kwa ndugu Mkweli: nakubaliana naye juu ya ajira, lakini nisingependa binti aondoke akidhani kazi ya mwanabiolojia ni ya kubahatisha tu. Watanzania wengi tulimcheka chura wa Kihansi. Bwawa la umeme lilipojengwa na maji kugeuzwa njia, maporomoko yakapungua, ule ukungu wa matone uliokuwa ukilowanisha bonde ukakauka, na chura yule mdogo anayezaa watoto hai badala ya kutaga hakuwa na mahali pengine duniani. Mwaka 2000 walichukuliwa 499 kupelekwa Marekani kuzalishwa kwenye hifadhi za wanyama; mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini; mwaka 2010 wakaanza kurudishwa nchini, na mwaka 2012 wakaachiliwa bondeni, ambako ilibidi yawekwe mabomba ya kunyunyiza maji badala ya ukungu ule. Nyuma ya kila mwaka nilioutaja kuna watu waliopiga magoti kwenye nyasi mbichi wakihesabu vyura wenye urefu wa chini ya sentimita 3. Wengi wao walipita kwenye maabara kama yako.

MwanaMikoko_Kwale amejibu:

Hamjambo nyote. Mimi niko upande wa Kenya, kwetu shahada ni miaka 4, nami niko mwaka wa mwisho. Nimemsoma Mwalimu kwa makini, naongeza dogo tu kuhusu majina ya Kilatini, kwa sababu najua ndiyo yatakayomtesa mwenzetu mwaka wa pili.

Mimi nimekulia Gazi, ambako wanakijiji tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa ile inayofyonzwa na mikoko wanayoitunza, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, kwenye hekta 117 za mikoko. Nilipofika chuo nilipewa orodha ya mikoko ya kukariri, nikaihangaikia siku mbili, kisha nikacheka peke yangu: hii miti ninaijua. Rhizophora mucronata ni mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya buibui. Avicennia marina ni mchu, ule unaotoa mizizi kama penseli zilizochomekwa matopeni, na ukilamba jani lake unapata chumvi. Sonneratia alba ni mlilana, unaosimama mbele kabisa kwenye maji, na Ceriops tagal ni mkandaa, ambao wazee hukata boriti. Nyanya yangu hajui Kilatini lakini hawezi kuchanganya mchu na mlilana hata usiku, maana anaijua miti kwa mizizi na kwa mahali inapoota, na hivyo ndivyo vigezo tulivyopewa kwenye kijitabu cha utambuzi.

Kwa hiyo dada, kabla hujakariri jina, uliza kwenu mti huo au mdudu huyo anaitwaje na watu wanamtambuaje. Pale Kiswahili kinapotoa jina moja kwa spishi mbili, au majina mawili kwa spishi moja, andika. Mradi wangu wa mwisho umetokana na mkanganyiko wa namna hiyo hiyo.

BintiKitunguu amejibu:

Nawashukuru sana nyote. Kaka Mkweli, nimekwenda ofisi ya mikopo ya chuo, wamenitaka niandike barua na kusubiri jibu kabla sijasaini fomu yoyote ya kuhama. Nimeiandika, lakini kusema kweli sina tena haraka nalo.

Mwalimu, nimefanya hesabu ya njegere mara tatu. Mara ya kwanza nilipata 37 na kitu, kumbe nilisahau kugawa.

Jana niliomba fundi wa maabara aniruhusu nirudie zoezi la kitunguu wakati wa mchana ambapo hakuna darasa. Slaidi ya kwanza niliiharibu kwa kuteleza kidole, kama alivyosema kaka Mtegambu. Ya pili, kwa karibu dakika 40 nilikuwa naona viini vya mviringo tu, mamia, hakuna kinachogawanyika, nikaanza kudhani nimebahatika kupata mzizi uliokufa. Kisha nikaiona moja: kromosomu zimejipanga katikati, zimepinda pinda, hazifanani kabisa na zile za kitabu, zinafanana na tambi zilizobanwa. Nimezihesabu mara nne. Napata 14. Nafikiri kuna mahali mbili zimelaliana, lakini sina hakika, na najua zinatakiwa kuwa 16. Nichore ngapi?

Mwalimu_wa_Zamu amejibu:

Chora 14. Weka mshale mahali unapodhani zimelaliana, na uandike kwa nini unadhani hivyo.